Gitaa Halikamuliwi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Watiri alimkamua Kabuti. Kabuti alikuwa ng'ombe mweusi mwenye bega jeupe, mkorofi kwa wageni na mpole kwa Watiri. Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya chai ya Tetu na baridi iliuma masikio. Watiri alipangusa kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akapaka mafuta ya kukamulia, akaketi kwenye kigoda na kuanza kazi.

Mama yake alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, akipanga dawa kwenye sanduku la pikipiki. Mama Watiri alikuwa na diploma ya afya ya mifugo. Majirani walimwita Daktari, ingawa yeye aliwaambia kila mara kwamba daktari ni mtu mwenye digrii. Hakuwa na maneno mengi. Akiona kosa alilitaja, na akimaliza kulitaja aliendelea na shughuli zake.

"Watiri," aliita, "mbona leo ndoo inatembea kwa mguu mmoja?"

Watiri alijua maana yake. Mikono miwili ikikamua, maziwa hulia ndani ya ndoo pigo kwa pigo, kama mtu anayetembea barabarani. Asubuhi hiyo yalilia pigo moja, yakanyamaza, yakalia tena. Mkono wa kushoto ulifanya kazi. Wa kulia ulikuwa umelala kwenye paja.

"Kabuti anasumbua," Watiri alisema.

"Kabuti hajasogea. Angesogea ningesikia."

"Basi nimechoka, Mama."

Mama alifunga sanduku la dawa. Aliwasha pikipiki akaenda kumwona ndama wa Mzee Simeon aliyekuwa ameteguka mguu.

Ukweli ni kwamba mkono wa kulia ulikuwa unauma. Uliuma chini ya kidole gumba na kuzunguka kifundo, na wakati mwingine vidole vilikataa kukunjuka. Watiri hakuwa amemwambia mtu. Angesema, kitu cha kwanza kuondolewa mikononi mwake kingekuwa gitaa.

Gitaa lenyewe lilikuwa la Mjomba Kihara, ndugu ya mama yake, ambaye hupiga katika harusi za Nyeri, Karatina na Othaya. Siku ambazo hakuwa na harusi aliliacha kwao. Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, lisikaribie moshi wa jikoni. La pili, nyuzi zake zisiguswe wala kupangwa upya. Mjomba Kihara alipiga kwa mkono wa kulia. Watiri alikuwa wa mkono wa kushoto. Kwa hiyo alifanya jambo moja lililowezekana: aligeuza gitaa zima, nyuzi nene zikawa chini na nyembamba zikawa juu. Akajifunza hivyo, peke yake, akiketi kwenye gunia la chakula cha ng'ombe.

Sasa alikuwa Gredi ya Nane, na gitaa hilo la juu chini lilikuwa limempa nafasi katika kwaya ya shule. Kwaya ilikuwa imetunga wimbo kuhusu mto Gura. Katikati ya wimbo waimbaji walinyamaza, na gitaa peke yake likawa mto. Kidole gumba cha Watiri kiliteremka kwenye nyuzi nyembamba upesi upesi, huku kidole cha shahada kikigonga zile nene huko chini kama mawe yanayobingirika. Wote walipenda sehemu hiyo. Wadogo wa Gredi ya Nne walijazana dirishani kuisikiliza.

Kisha akaja Mwalimu Jackton.

Mwalimu Jackton alikuwa amehamishwa kutoka Homa Bay muhula huo. Alisomea muziki chuoni na aliupenda muziki kwa dhati. Siku ya kwanza ya mazoezi aliusikiliza wimbo wote akiwa ameinamisha kichwa, akamtazama Watiri, kisha akavuta kiti mpaka mbele yake.

"Nani alikuambia ushike gitaa hivyo?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Ndiyo sababu. Limekaa juu chini. Tena unapiga kwa vidole viwili tu, ilhali una vitano. Umejikunja kama mtu anayetafuta shilingi sakafuni. Mkono wa shingoni unabana mno. Na ubeti wa mwisho mwendo wako unakufa, kwaya yote inakusubiri. Hizi zote ni tabia mbaya, na tamasha la kaunti liko karibu. Geuza gitaa. Tuanze upya."

Nyuma, Mwai alicheka. Mwai naye alipiga gitaa. Alikuwa amejifunza kwa kutazama video kwenye simu ya kaka yake, na alikaa wima kama picha ya pasipoti.

"Mwalimu, huyo hapigi, anakamua," Mwai alisema. "Subiri kidogo, maziwa yanakuja."

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Watiri alisikia uso ukimchoma.

"Na wewe, Mwai, unapiga kama mtu anayefanya mtihani na hajasoma," alisema. Kisha akamgeukia mwalimu. "Nikigeuza gitaa, Mwalimu, ule mto haupo."

"Mto upo kwenye maneno."

"Uko kwenye kidole gumba changu. Nyuzi nyembamba zikienda chini, gumba halizifikii."

"Utatumia vidole vingine, kama watu wote."

"Mimi si watu wote."

Mwalimu Jackton alivua miwani akaipangusa kwa tai. Hakuwa mtu wa kufoka, na hilo lilifanya maneno yake yaingie zaidi.

"Sikiliza, Watiri. Nimeona waamuzi wakimkata mtoto alama kabla hajapiga hata uzi mmoja, kwa sababu ya jinsi alivyoshika. Sitaki wakufanyie hivyo. Una mpaka Ijumaa. Ukija umeshika gitaa sawasawa, utapiga. Usipotaka, Mwai atapiga, nasi tutaondoa ile sehemu ya mto."

Watiri alirudi nyumbani akipiga mawe teke njia nzima. Kati ya mambo yote aliyoambiwa, alikumbuka moja tu: kwamba amekosea kila kitu. Basi naye akaamua kwamba hatabadilisha kitu chochote. Ati ajikunjue? Atajikunja zaidi. Ati asibane? Atabana mpaka shingo ya gitaa ilie.

Jioni hiyo, baada ya kukata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, na kuosha debe la maziwa, aliketi kwenye gunia lake akapiga wimbo mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Kila alipofika ubeti wa mwisho, mkono wa kulia uliwaka moto. Vidole vilichelewa, nyuzi zikakwaruza, na mwendo ukafa, vilevile kama mwalimu alivyosema. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Kesho yake, kabla Mama hajatoka, Watiri alifungua sanduku la pikipiki. Ndani mlikuwa na bandeji mpya ya kunyumbuka. Aliifunga kwenye kifundo cha mkono, akaivutia mkono wa sweta juu yake. Ilisaidia kidogo. Alikwenda shuleni akiwa na gitaa mgongoni, bila kujikunjua wala kuomba radhi.

Jioni Mama alirudi akiwa na matope mpaka magotini.

"Nilikuwa na bandeji ya mguu wa ndama wa Mzee Simeon," alisema. "Nimefika kule, nikafungua sanduku, haimo. Imebidi nirudi mpaka mjini kutafuta nyingine, na ndama amesimama kwa miguu mitatu mchana kutwa. Umeiona?"

"Sijaiona, Mama."

Bandeji ilikuwa imembana mkono chini ya sweta wakati akisema hayo. Mama alimtazama kidogo, akaenda kunawa.

Watiri hakula vizuri. Alijiambia kwamba bandeji ni bandeji tu, na ndama wa Mzee Simeon ana bahati kuliko yeye, maana hakuna anayemwambia jinsi ya kusimama.

Alhamisi jioni alikwenda kumkamua Kabuti kama kawaida. Alianza kwa mikono yote miwili, kwa makusudi, kwa nguvu, ili Mama aisikie ndoo. Ndoo ilitembea vizuri kwa muda. Ilipokaribia kujaa, mkono wa kulia ulikakamaa ghafla. Vidole vilijifunga kwenye chuchu na kukataa kufunguka. Kabuti hakuwa amezoea kuumizwa. Alirusha mguu mmoja tu, na maziwa yote yakaenda kwenye mbolea.

Mama alifika kabla ndoo haijaacha kuzunguka. Alimtuliza Kabuti kwanza. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduka, akanyoosha mkono.

"Lete huo mkono."

"Hauna kitu, Mama."

"Lete."

Alivuta mkono wa sweta juu. Aliiona bandeji. Aliifungua taratibu, akaanza kubonyeza kwa vidole viwili kutoka kwenye kiwiko akishuka, kama alivyobonyeza miguu ya ng'ombe wa watu.

"Hapa?"

"Hapaumi."

"Hapa?"

"Hapaumi pia."

"Hapa?"

"Hapa—" Watiri alishtuka akauvuta mkono. "Hapaumi."

"Nimetibu ng'ombe wengi," Mama alisema. "Hakuna aliyewahi kunidanganya. Mwenye kuumwa hunionyesha, nami najua pa kuanzia. Wewe ndiye wa kwanza kunificha. Tena umemnyima hata ndama wa watu bandeji yake."

Watiri alilia, lakini kwa hasira.

"Ningesema ungenikataza gitaa. Mwalimu naye anataka niligeuze. Mwai anasema ninakamua. Wote mnataka niwe kama Mwai."

"Nikutakie uwe Mwai wa nini? Mwai hajui kukamua." Mama alisimama. "Kalete hilo gitaa."

"Sasa?"

"Sasa. Nataka kuona linavyokuumiza."

Watiri aliketi kwenye gunia akapiga. Mama alisimama mbele yake, mikono kiunoni, macho kwenye mkono wa kulia. Hakutazama uso wala hakutingisha kichwa kufuata wimbo. Wimbo ulipoisha alimwambia arudie mwanzo, polepole. Kisha akacheka kidogo kupitia puani.

"Huyo Mwai ana mdomo mbaya," alisema, "lakini ana macho. Kweli unakamua."

"Mama, hata wewe?"

"Tazama mwenyewe. Tazama kidole cha shahada. Kinafunga kwanza, huku juu, pamoja na gumba. Halafu hivi vingine vinafuata, kimoja kimoja, kwa nguvu, vikishuka. Nani alikufundisha hivyo?"

Watiri aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Aliujua mshiko huo. Ndio alioufundishwa na Mama mwenyewe akiwa mdogo, kwenye kigoda kile kile: funga juu kwanza ili maziwa yasirudi, kisha shusha.

"Wewe," alisema.

"Mimi. Kwa ng'ombe. Kabuti anataka hivyo, usipombana hatoi. Hiyo mbao haina maziwa. Unaikamua asubuhi baada ya kukamua, na jioni baada ya kukamua. Mkono gani utavumilia? Bonyeza uzi mmoja. Sasa legeza. Legeza tena. Endelea mpaka sauti iharibike."

Watiri alilegeza. Sauti ilibaki safi. Alilegeza zaidi, bado ilikuwa safi. Alipofika mahali uzi ulipoanza kukwaruza, kidole kilikuwa kimeugusa tu.

"Basi bana tena kidogo tu, uache hapo," Mama alisema. "Mimi sijui gitaa, lakini mikono naijua. Ukipima mapigo ya ndama chini ya taya, unabonyeza vipi?"

"Kidogo tu. Ukibonyeza sana unayapoteza."

"Unajua basi. Kesho tunakwenda wote kwa mwalimu wako."

Watiri alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nitakwenda. Lakini gitaa siligeuzi."

"Nimesema uligeuze?"

Ijumaa asubuhi pikipiki ya Mama ilisimama mbele ya ofisi ya walimu, Watiri akiwa nyuma na gitaa mgongoni. Mwalimu Jackton aliwapeleka kwenye darasa la muziki. Mwai alikuwa mle, akipangusa gitaa la shule. Hakuambiwa atoke, naye hakutoka.

"Mwalimu," Mama alisema baada ya salamu, "mtoto wangu ana jambo la kusema. Akimaliza, nina swali moja."

Watiri alisema. Alisema kuhusu maumivu, na kuhusu bandeji, na kuhusu ndama wa Mzee Simeon. Alisema upesi, akiangalia ubao, kwa sababu Mwai alikuwa akisikiliza.

Mwalimu alishika kichwa. "Mkono umekuwa hivyo tangu lini? Ningejua nisingekuacha upige hata siku moja."

"Ndiyo sababu hukujua, Mwalimu," Watiri alisema.

"Sasa swali langu," Mama alisema. "Ulimwambia aache mambo mangapi?"

Mwalimu alifikiri. "Kwa kweli, yote."

"Kwa siku moja?"

"Kwa siku moja."

"Hakusikia hata moja. Huyu namjua, nimemzaa. Ukimfungia mambo yote pamoja atayakalia yote kama kuku anayeatamia."

Mwalimu Jackton alicheka, ingawa hakutaka. "Lakini, Mama Watiri, mengine ni makosa ya kweli. Siwezi kuyaita mazuri ili afurahi."

"Nisikilize basi," Watiri alisema. "Hukunisikiliza, Mwalimu. Ulinitazama. Geukia ubao nipige, bila kunitazama. Kosa utakalolisikia, nitaliacha. Usilolisikia, uniachie."

Mama alikohoa. Mwai aliacha kupangusa gitaa. Haikuwa kawaida ya mwanafunzi kumwambia mwalimu ageukie ubao. Mwalimu Jackton aligeuza kiti chake, akaketi uso wake ukiwa kwenye ubao na mgongo kwao.

"Piga," alisema. "Kama kawaida yako. Usinifiche."

Watiri alipiga kama kawaida yake. Mwanzo wa wimbo, ubeti wa kwanza, kisha mto. Mabega ya mwalimu yalitulia. Mto ulipokuwa unateremka, kiatu chake kilianza kugonga sakafu. Ulipofika ubeti wa mwisho, kiatu kiligonga mbele, gitaa likabaki nyuma.

"Hapo," mwalimu alisema bila kugeuka. "Umechelewa. Na kuna kingine. Sauti zako zinapanda kidogo, hazilingani na kwaya. Nilidhani gitaa ni bovu. Sasa nasikia: ni wewe. Unaubana uzi mpaka unavutika. Hayo mawili nimeyasikia."

"Na lile la juu chini?"

Mwalimu alitikisa kichwa. "Sikulisikia."

"Na vidole viwili?"

"Ningeapa ni vitatu." Aligeuka. "Nyumbani tuna wazee wanaopiga kwa vidole viwili na watu wanacheza mpaka vumbi linapanda. Sijui kwa nini nilidhani hapa ni tofauti. Vidole ni vyako. Na gitaa likae unavyolitaka."

Watiri alitaka kucheka kwa ushindi. Kisha akakumbuka ahadi yake. Makosa mawili yalisikika, na yote mawili yalitoka kwenye mkono aliokuwa akiutetea. Jaribio alikuwa amelitaka mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

"Nitaacha kubana," alisema.

"Si leo," Mama alisema. "Leo unapumzisha huo mkono. Gitaa halishikwi mpaka maumivu yaishe, na Kabuti nitamkamua mimi. Wakati huo Mwai afanye mazoezi na kwaya."

"Mama!"

"Nimemaliza."

Mwalimu aliongeza jambo moja ambalo Watiri hakulijua. Alimwonyesha kwamba kidole kikikaa karibu kabisa na kile chuma chembamba kinachokatiza shingo ya gitaa, badala ya katikati ya vyuma viwili, uzi hulia safi kwa nguvu kidogo tu. Miaka yote aliyopiga peke yake hakuna aliyemwambia hilo.

Siku za kukaa bila gitaa zilikuwa ngumu. Watiri aliketi mazoezini mikono ikiwa imekunjwa kifuani, akimtazama Mwai. Mwai alipiga mwanzo vizuri, ubeti wa kwanza vizuri. Alipofika kwenye mto, vidole viligongana kama watu mlangoni. Alijaribu tena. Kwaya ikaanza kucheka, kama ilivyomcheka Watiri.

Baada ya mazoezi Mwai alimfuata Watiri kwenye bomba la maji.

"Hebu nionyeshe tena huko kukamua," alisema.

"Kwani umepata ng'ombe?"

"Nimejaribu ule mto wiki nzima. Hautoki. Kwangu gumba liko upande wa mawe."

"Mwalimu alisema utumie vidole vingine, kama watu wote."

"Wee, usiwe hivyo," Mwai alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Sikujua mkono ulikuwa unauma. Ningejua nisingecheka."

"Ungecheka."

"Ningecheka kidogo."

Watiri alimmwagia maji, lakini alimwonyesha. Alimshikia vidole hewani, bila gitaa, akamweleza kila kimoja kinapokwenda. Mwai hakuuweza mto, ila alijifunza mawe yake, zile sauti nene za chini. Ndipo Mwalimu Jackton akapata wazo la kuwaweka wote wawili, kila mmoja na gitaa lake.

Mkono ulipopona, Watiri aligundua kwamba kuacha tabia ni kazi kuliko kuianza. Kila alipoacha kufikiri, vidole vilirudi kukamua. Alianza upya, polepole mno, akiugusa kila uzi kama mtu anayepima mapigo ya ndama. Wimbo aliouweza usingizini ukawa mgeni. Mara mbili alilitupa gitaa kwenye gunia akasema ameshindwa. Mama alikuwa akipita na ndoo.

"Kama umeshindwa, nepia iko pale haijakatwa," alisema.

Watiri alilichukua gitaa tena.

Tamasha la kaunti lilifanyika Nyeri mjini, katika ukumbi wa shule moja, na Mama aliketi miongoni mwa wazazi. Shule zilikuwa zimejaa uwanjani zikiwa na sare za kila rangi. Kwaya yao ilipopanda jukwaani, mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau, alimwona Watiri akigeuza gitaa juu chini. Aliweka kalamu mezani. Akamwinamia mwenzake na kumnong'oneza jambo. Watiri aliona. Mwalimu Jackton, pembeni, aliona pia, na jasho likamtoka.

Watiri alikaa wima. Hilo alilifanya kwa hiari yake, kwa sababu alitaka kumtazama yule mwamuzi machoni.

Wakaanza. Kwaya iliimba, ikanyamaza, na mto ukaja. Mwai aliviringisha mawe chini, Watiri akateremsha maji juu. Mkono wa kulia ulikuwa mwepesi. Ukaja ubeti wa mwisho, ule ambao kila mara ulimshinda, na gitaa halikubaki nyuma. Liliivuta kwaya. Walipomaliza, Watiri alikunja na kukunjua vidole vyake mara moja. Vilifunguka vyote.

Mwamuzi mwenye kilemba alisimama kutoa maoni.

"Msichana wa gitaa," alisema. "Nani alikufundisha kulishika hivyo?"

Ukumbi mzima ulimgeukia. Watiri alisimama.

"Gitaa lilikuwa la mjomba, Mwalimu, na mkono wangu ni huu," alisema.

Watu walicheka. Mwamuzi hakucheka.

"Nilikuwa tayari kukukata alama," alisema. "Sikupenda kutazama. Basi nikafumba macho. Nikiwa nimeyafumba sikupata cha kukata."

Shule yao ilikuwa ya pili. Ya kwanza na ya pili zilipata nafasi ya kwenda ngazi iliyofuata. Mwai alisema wangekuwa wa kwanza kama Watiri angejibu kwa adabu. Watiri alimwambia kwamba alijibu kwa adabu, alimwita Mwalimu.

Jioni Watiri na Mama walipitia kwa Mzee Simeon. Watiri alimrudishia bandeji mpya, na kumwomba msamaha yeye, na ndama pia kwa sababu Mama alisema hivyo. Ndama alikuwa akikimbia kwa miguu yote minne na hakumjali.

Walipofika nyumbani Kabuti alikuwa akilia kwa kuchelewa kukamuliwa. Watiri aliketi kwenye kigoda. Mama aliegemea ukuta wa mbao.

"Leo ulisimama vizuri mbele ya yule mwamuzi," alisema. "Sitaki uache kubisha. Mtu asiyebisha kabisa atageuzwa na kila anayepita. Lakini chagua unalobishia. Wewe ulikuwa na njia yako nzuri na tabia yako mbaya, ukazitetea zote kwa sauti moja, hata ile iliyokuwa inakula mkono wako. Ukiambiwa umekosea, jaribu kwanza. Lisiloharibu kazi na lisiloumiza mtu, ni lako, lishikilie. Linaloumiza, liache, hata kama ni wewe uliyelianzisha. Na likiuma, sema. Usiibe bandeji."

"Ndiyo, Mama."

"Umesikia, ama unasema ndiyo tu ili niondoke?"

"Nimesikia. Lakini Mjomba Kihara akija nitamwambia kwamba yeye ndiye anayelishika juu chini."

Mama alitoa ile sauti yake ya kucheka puani, akaenda kuwasha moto.

Watiri alipaka mafuta, akashika kwa mikono yote miwili. Hapa palikuwa mahali pa kubana. Funga juu kwanza, kisha shusha. Kabuti alitulia, na ndoo ikaanza kutembea kwa miguu miwili.